Betri Niliyoifunga Kasigau

Kazi ya betri nilifundishwa na mzee mmoja wa Voi aliyekuwa na karakana nyuma ya soko, upande wa kuelekea reli. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Baba alikuwa amefariki, na nyumbani Ronge hakukuwa na la kufanya ila shamba. Nilizunguka gereji za mjini nikiomba kufundishwa umeme wa magari. Wengine walinicheka. Mmoja aliniambia nafasi iliyopo ni ya kupikia mafundi chai. Yule mzee alinitazama mikono, akaniuliza kama naogopa asidi. Nilimwambia sijui, sijawahi kuiona. Akasema hilo ni jibu la kweli, akaingia ndani akatoka na ovaroli kuukuu ya mwanawe aliyehamia Nairobi.

Nilimwita Fundi, na ndivyo nilivyoendelea kumwita hata baada ya mimi mwenyewe kuwa fundi.

Mtu akitazama betri huona sanduku tu. Fundi alitaka nianze na vichwa, yale maungio mawili juu yake ambako nyaya hufungwa, na ambayo gereji nyingine huyaita terminali. Betri ya gari la kawaida ina nguzo mbili za duara, za madini ya risasi, nene chini na nyembamba juu, na ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi ili mtu asifunge nyaya kinyume. Magari mengi madogo ya Kijapani yana nguzo nyembamba zaidi. Ukilazimisha kibano cha nyaya cha gari kubwa kwenye nguzo hizo kitacheza, na gari litagoma kuwaka njiani huku mwenyewe akilaumu betri. Wako wanaoziba pengo kwa msumari au kipande cha kopo la soda. Fundi hakutaka kusikia habari hiyo. Alinifundisha kukata ukanda wa risasi na kuuvisha nguzo kama pete. Betri ya pikipiki ina vichwa bapa vyenye tundu la kupitisha skrubu. Zile ndogo za ving'ora na mizani za dukani zina ndimi nyembamba za kuchomeka tu, na ukizivuta kwa hasira zinakatika. Betri kubwa za sola mara nyingi zina boliti iliyosimama na nati yake, kwa sababu hapo huungwa nyaya kadhaa na zinatakiwa zikae muda mrefu bila kulegea.

Siku moja lililetwa gari la watalii ambalo betri yake ilikuwa na vichwa ubavuni, si juu. Fundi alikuwa hajawahi kuiona ya namna hiyo kwa macho yake. Alicheka peke yake mchana kutwa, na kila aliyepita aliitwa aje kutazama. Nilimpenda sana siku ile.

Alikuwa pia na ujuzi ambao wengi waliuacha. Nguzo ikiyeyuka au kuliwa, yeye aliijenga upya. Alikuwa na kalibu ya shaba aliyoichonga mwenyewe, kama kikombe kisicho na kitako. Aliivisha juu ya kisiki cha nguzo iliyoharibika, akamwaga risasi iliyoyeyushwa, akaacha ipoe. Ndani ya kalibu mlikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo kila nguzo iliyotoka mle ilikuwa na mstari mwembamba ubavuni, kama mshono wa nguo. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuupiga tupa mstari ule mpaka upotee. Aliniambia mteja hapendi kuona mahali betri yake ilipotibiwa.

Nilipochumbiwa, Fundi alikaa upande wa wajomba zangu. Alivaa koti la suti kwenye joto la Januari, akajibu yale ambayo baba angejibu. Mume wangu mpaka leo humkumbuka kama mtu aliyemwuliza maswali magumu kuliko wote. Na nilipoona wakati umefika wa kufungua duka langu karibu na barabara kuu ya Mombasa, nilikwenda kwake kwanza, na sukari na majani ya chai kama inavyopasa, nikamwomba ruhusa. Aliomba dua juu ya kichwa changu. Akanipa mita yake ya zamani ya kupimia betri, akasema macho yake yamechoka kusoma namba ndogo.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba sikuwa nikimwamini kama mtu anavyomwamini muuza duka.

Mama yangu mdogo, yule anayemfuata mama mzazi, ameolewa Kasigau. Wanalima chini ya mlima, na kila msimu mahindi yakianza kukomaa tembo huja. Wanawake majirani walikuwa wameungana wakajenga fensi ya stima kuzunguka mashamba yao: nguzo, nyaya, paneli ya sola, na ile mashine inayotuma mshtuko kwenye waya. Yote walikuwa wameyapata ila betri. Mama mdogo alikuwa mwenyekiti wao, na aliwaambia wenzake wasihangaike, ana mtoto Voi anayeijua kazi hiyo.

Mashine ile ilihitaji betri ya sola yenye vichwa vya boliti, na mimi sikuwa nazo dukani. Nilikuwa nauza za magari na pikipiki. Nikamwendea Fundi. Nilimweleza kila kitu: ni ya nani, ni ya kazi gani, na kwamba ni mimi nitakayekwenda kuifunga. Akasema ana mtu Mombasa atakayemletea. Baada ya siku chache akanipigia simu nije nichukue.

Betri ilikuwa safi, ina stika mpya, na boliti zake zimefunikwa vifuniko vya plastiki, chekundu na cheusi. Niliipima kwa mita, namba ikawa nzuri. Fundi alinisaidia kuipakia kwenye pikapu ya mume wangu na akatutakia safari njema. Tukapita Maungu, tukaiacha lami, tukala vumbi mpaka Kasigau.

Niliifunga siku hiyo hiyo. Nilizivisha nyaya za mashine, zenye pete kwenye ncha, kwenye boliti, nikakaza nati, nikapaka grisi juu. Mashine ikaanza kulia, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mama mdogo alichuma jani refu la nyasi, akaligusisha kwenye waya, akarusha mkono nyuma akicheka. Wenzake wote wakataka kujaribu. Wengine walirudia. Tulipikiwa pojo na wali, na tulipokuwa tunaondoka walinishukuru kana kwamba fensi yote nimeijenga mimi.

Mahindi yalikuwa yamebakiza muda mfupi kuvunwa mama mdogo aliponipigia simu asubuhi. Yeye si mtu wa kulia kwenye simu. Alisema tu kwamba tembo wamelala kwao, na kwamba mashine ilikuwa kimya, na kama naweza nije.

Nilipofika nilimkuta shambani akiokota mahindi machache yaliyobaki na kuyatia kwenye gunia. Mahindi yalikuwa yamelazwa kama mkeka. Mpapai uliokuwa karibu na nyumba uling'olewa. Pojo hazikuliwa zote, lakini zilikanyagwa zikachanganyika na udongo, hakuna cha kuvuna. Mashamba ya majirani yalikuwa hivyo hivyo, na wanawake walikuwa wakitembea ndani yake polepole. Walinisalimu. Hakuna aliyeniuliza kitu, na ingekuwa nafuu kama wangeniuliza.

Nilifungua sanduku la betri. Paneli ilikuwa nzima, nyaya nzima, nati zimekaza kama nilivyoziacha. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, kwa hiyo mita ilionyesha namba si mbaya. Nikaunganisha taa kubwa ya gari niliyokuja nayo ili nione betri ina pumzi kiasi gani. Taa iliwaka, ikawa ya manjano, ikafifia nikiwa bado nimeishika mkononi. Betri mpya ya sola haifanyi hivyo. Hiyo ilikuwa betri iliyokufa, ikichajiwa mchana inajifanya hai, giza likiingia inazimika.

Nikafungua nati, nikaondoa nyaya, nikafuta grisi yangu mwenyewe kwa kitambaa.

Boliti ilikuwa imesimama katikati ya kitako cha risasi. Siku ya kuifunga sikukitazama kitako hicho, kwani kilikuwa kimekaa ndani ya sehemu ya chini ya kile kifuniko cha plastiki, ambayo sikuivua. Sasa nilivua kifuniko chote nikakitazama. Kilikuwa kinene chini na chembamba juu, kama nguzo ya gari iliyokatwa. Na ubavuni kulikuwa na mstari mwembamba, kama mshono.

Nilitazama kichwa cha pili. Mstari ulikuwepo.

Nilikaa chini pale pale penye nyasi. Mtu alikuwa amechukua betri ya lori iliyokufa, akakata nguzo zake, akavisha kalibu juu ya visiki, akasimamisha boliti katikati na kumwaga risasi. Kisha akaosha sanduku na kubandika stika. Mstari haukuondolewa kwa sababu aliyekuwa akiuondoa ni mimi, na mimi sikuwepo. Mama mdogo alikuja akasimama karibu yangu, akaniuliza kwa Kidawida ni nini. Nilimwambia betri imekufa. Nilitaka kwanza nimwone Fundi anieleze kwamba na yeye alidanganywa na yule mtu wa Mombasa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimtungia utetezi. Labda alimwazima mtu kalibu. Labda iliibiwa.

Nilimkuta karakanani ameketi kwenye kiti chake, mchana, redio ikiwa imewashwa chini chini. Nilishusha betri, nikaiweka mbele ya miguu yake, nikafungua vifuniko. Aliinama akatazama. Hakuchukua hata miwani.

Nikamwambia, "Fundi, huu ni mkono wako."

"Ni wangu," akasema.

"Ulijua inakwenda Kasigau?"

"Uliniambia mwenyewe."

Niliinama nikavirudisha vifuniko juu ya boliti. Ndipo akaongeza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinifundishia, "Ndiyo maana nilikupa wewe uifunge. Fundi mwingine angeikagua."

Nimejaribu mara nyingi kueleza watu jinsi maneno yale yalivyoniingia, na sijaweza. Angesema alikosea, ningemsamehe kabla hajamaliza. Angekana, ningejilazimisha kumwamini. Lakini alikuwa amenipima. Alijua palipo na udhaifu, na udhaifu wenyewe ulikuwa heshima niliyompa, na akapitia hapo hapo.

Nilimwuliza kwa nini. Alizungumza kwa muda, akitazama barabarani. Alisema siku hizi betri zinazoletwa zimezibwa, hakuna kujenga nguzo wala kuongeza maji, zikifa zinatupwa. Alisema wateja wake wamehamia kwangu, hata wale wazee wa reli aliokuwa nao tangu ujana wao, na kwamba nilipofungua duka sikujiuliza yeye ataishi vipi. Nikamkumbusha kwamba niliomba ruhusa yake na akaniombea dua. Akasema, "Ungetaka nikwambie nini, na sukari imeshawekwa mezani?"

Kwa hiyo hata dua haikuwa dua. Hilo ndilo nililotoka nalo pale karakanani, pamoja na betri niliyoipakia tena. Nilipofika nyumbani mume wangu aliniona uso akadhani kuna msiba.

Kikundi cha Kasigau kilitaka maelezo, na ilikuwa haki yao. Kikao kilifanyika kwenye darasa la chekechea la kanisa, watu wazima wamekaa kwenye vibenchi vya watoto. Mimi nilikuja na betri. Nilimwomba mama mdogo amwite na Fundi, nikiamini kwamba mbele ya wanawake waliopoteza chakula cha mwaka hataweza kusema uongo. Alikuja na boda boda kutoka Maungu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akavua kofia mlangoni.

Nilieleza nilichokiona. Niliwaonyesha mstari. Kina mama walikuja mmoja mmoja wakainama, wakautazama, wakarudi kukaa. Kwao ulikuwa mkwaruzo kwenye chuma. Nilikuwa nasema nao lugha ambayo pale ndani watu wawili tu tulikuwa tunaijua.

Kisha Fundi akasimama. Hakupandisha sauti. Aliwapa pole kwa mavuno yao, moja baada ya jingine, akitaja mahindi, pojo, mipapai. Akasema betri aliyoitoa yeye ilikuwa nzima, na kwamba iliyo hapa mezani hajui imetoka wapi. Akasema ujuzi wa kujenga vichwa vya namna hii alimfundisha mtu mmoja tu maishani mwake. Kisha akanigeukia. "Nilimlea kama binti yangu," akasema. "Kulisema hili kunaniuma kuliko ninyi."

Na macho yake yalikuwa na machozi. Nimeyafikiria sana machozi yale. Sidhani yalikuwa ya uongo, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimwomba alete ile kalibu yake ya shaba tuilinganishe mbele ya watu. Akasema ilipotea siku nyingi, na kwamba pengine mimi najua ilipo. Mwanamke mmoja nyuma alinong'ona kitu. Nilisikia neno Voi, na neno mjini, na nikaelewa kwamba anayeshukiwa ni mimi.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akiendesha kikao. Ni mtu aliyenibeba mgongoni, aliyenilisha uji baba alipokuwa mgonjwa hospitalini na mama yuko kando ya kitanda chake. Akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, uliibadilisha?"

"La, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mambo mengine. Alikuwa mwenyekiti, alipaswa kuuliza. Ninaelewa. Lakini nilikuwa nimekuja pale nikiwa nimeumizwa na mtu mmoja, na nilitoka nikiwa nimeumizwa na wawili, na wa pili ndiye ambaye damu yake ni yangu.

Hakuna aliyehukumiwa. Walisema mambo yaachwe kwa Mungu. Fundi alipewa chai, akanywa, akarudi Voi.

Mimi na mume wangu tulizungumza jioni ile, tukakubaliana tuchukue betri ya sola ya nyumbani kwetu tuipeleke Kasigau. Yetu ilikuwa na vichwa vya nguzo za duara, si boliti, kwa hiyo nilitafuta vibano vyenye skrubu juu, vya kugeuza nguzo ipokee pete za nyaya, nikavisafisha ndani kwa msasa na kuvikaza mpaka havizunguki. Nilipofika kuifunga kina mama walikuja kusimama kuniangalia. Safari hii hawakuja kucheka na majani ya nyasi. Mmoja aliniuliza kwa upole kama ninaweza kumweleza kila ninachofanya. Nikamweleza. Nilieleza kila nati.

Wapo walioona kuleta betri yangu ni kukiri. Mume wangu alikuwa ameniambia watasema hivyo, na walisema. Msimu uliofuata fensi ilishika na walivuna, ila fundi wa kuikagua walimwita kutoka Mwatate. Sikuulizwa. Nilisikia kwa mama, naye alisikia kwa mdogo wake, ambaye hakuniambia mwenyewe.

Mama mdogo alikuja dukani baadaye na mfuko wa pojo. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza habari za watoto, akalalamikia magoti. Alipokuwa anaondoka alisema angependa nije Krismasi kama zamani. Nilimwambia nitakuja, na nilikwenda, na tulipika pamoja. Kuhusu kikao hatujazungumza. Huwa naona anataka kuanza, kisha anauliza kama chumvi imetosha.

Fundi bado yuko. Mji wa Voi si mkubwa, na sisi wenye kazi ya mikono tunakutana kila mahali. Mwaka huu tulikutana msibani Mraru, alipofariki dereva wa lori ambaye sote wawili tulimtengenezea magari. Nilikuwa nimesimama na wanawake karibu na sufuria. Alikuja na mtu nisiyemjua, akitembea kwa shida, amekonda. Alinisalimu, "Hujambo binti yangu," na mimi nikaitikia, "Sijambo Fundi, shikamoo," kwa sababu mdomo wangu umezoea hivyo na pale palikuwa msibani.

Akamgeukia yule mtu. "Huyu nilimfundisha mimi," akasema. "Kazi yote anayoijua nilimpa mimi."

Yule mtu alinitazama akisubiri nikubali, akitabasamu.

"Ni kweli," nikasema. "Yote."

Fundi aliniangalia kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Kisha wakaitwa kwenye viti vya wazee wakaenda kukaa. Mimi nikachukua sahani nikaendelea kupakulia watu.